Ua la Mwalimu na Ndama wa Jirani

Mwezi uliopita niliteremka kwenye basi Garsen kununua maji ya kunywa, nikakuta watu wamemzunguka mwanamume mmoja mnene mwenye kipaza sauti. Mbele yake ametandaza turubai, na juu ya turubai amepanga makopo na chupa zilizokatwa shingo, na katika kila moja umeota mmea ninaoujua kuliko ninavyowajua binamu zangu. Majani manene yenye meno pembeni kama msumeno, na katika kila jino kimche kidogo, chenye vijani viwili na vizizi kama nyuzi, kiko tayari kuanguka. Yule bwana alikuwa akiwaeleza watu kwamba hii ni dawa ya presha, ya sukari, ya figo, na ya mwanamke asiyeshika mimba, kwa kuwa mmea wenyewe, tazameni, unazaa mpaka masikioni.

Nilijipenyeza nikamwambia kwa upole kwamba mmea huo ni sumu kwa mifugo, na kwamba hawa anaowauzia wana mbuzi na ng'ombe nyumbani. Akanitazama kutoka viatu mpaka kilemba, kisha akasema ndani ya kipaza sauti, "Kwani mama yangu, wewe ni ng'ombe?"

Watu wakacheka. Nikabaki nimesimama na chupa yangu ya maji, na kifuani ikanipanda hasira ninayoijua vizuri, kwa sababu niliwahi kuchekwa hivyo hivyo, kwa mmea huo huo, nikiwa na miaka tisa. Kama una nafasi kidogo, keti nikusimulie. Nimelibeba jambo hili muda mrefu, na kila nikitaka kulitua naona bado halijapata pa kukaa.

Nililelewa na nyanya, mama yake mama, katika kijiji cha ukingoni mwa mto, chini ya Garsen, upande wa kuelekea Ozi. Mama alikuwa akifanya kazi Mombasa, anakuja mara moja kwa mwaka na kanga mpya na sabuni ya kunukia. Nyanya alilima mpunga palipotuama maji, mahindi palipokauka, ndizi pembezoni, na nyuma ya jiko alikuwa na vitunguu vyake ambavyo hakuna kuku aliyevisogelea akabaki na mkia. Msimu wa mpunga kazi yangu ilikuwa kuamia ndege. Napanda ulingoni kungali na umande, nagonga debe bovu, napiga kelele, ndege wanahamia shamba la jirani. Mtoto wa jirani naye anagonga debe lake, wanarudi kwangu. Tulishinda kutwa tukirushiana ndege wale wale, na jioni kila mmoja anajisifu kwao kwamba amelinda.

Lakini sauti ya asubuhi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kikohozi kimoja kikavu nje ya ua. Ndivyo alivyobisha hodi mama wa maziwa. Alikuwa Muorma, mrefu, mwembamba, anatembea kama aliyebeba maji hata akiwa mikono mitupu. Maskani yao yalikuwa mwendo wa nusu saa kutoka kwetu, kule nyikani. Alikuja na chombo chake cha kusuka kilichofukizwa moshi, na maziwa yake yalikuwa na harufu ya moshi huo, harufu ambayo mpaka leo sijaipata katika pakiti yoyote ya dukani. Yeye anammiminia nyanya alichonacho. Nyanya anampa alichonacho, mahindi, ndizi, au mchele ukiwapo. Sikuwahi kuwaona wakipimiana.

Wakishamaliza wanakaa. Nyanya anainjika chai, anatia tangawizi, na utando wa juu wa maziwa ni wangu. Nyanya lugha yake ni Kipokomo, mwenzake Kiorma, na walikutana katika Kiswahili ambacho kila mmoja alikikunja apendavyo. Walizungumza magoti, wakwe, mvua, na mabinti wasiosikia. Wakati mwingine hawakuzungumza kitu. Walikunywa tu, wakitazama moto, na mimi nikiwa mtoto nilidhani hiyo ndiyo maana ya neno jirani.

Kando ya shamba letu ilipita malka, ile njia pana ya ng'ombe kushukia mtoni kunywa. Nyanya alikuwa na sheria moja juu yake, aliyonifundisha kabla sijajua kusoma: malka hailimwi, haizibwi, haijengwi. Kiangazi kikiingia vumbi linapanda, kengele za mbao zinagonga, na ng'ombe wanapita mmoja mmoja kama watu wanaokwenda kanisani.

Sasa, mwalimu wetu wa sayansi alikuwa mtu wa bara. Alitoka mahali alipotuambia kwamba asubuhi watu hupuliza vidole kwa baridi. Alipenda mimea kupita kiasi. Maji aliyonawia uso aliyamwagia maua yaliyokuwa mbele ya ofisi. Muhula mmoja alirudi kutoka likizo na jani moja amelifunga katika gazeti. Akaliweka juu ya meza ya darasa, hakulitia maji wala udongo. Wiki ikapita. Jani halikunyauka, na pembeni mwake kukawa na watoto kumi na kitu, kila mmoja na mizizi yake, hewani.

Darasa zima tulisimama kutazama. Mwalimu akatueleza kwamba iko mimea isiyongoja ua wala nyuki wala mbegu. Jani lenyewe ni mama. Akatugawia kila mtu kimche kimoja, tukakipanda katika makopo ya mafuta ya kupikia, akasema ambaye mmea wake utazaa zaidi mwisho wa muhula atapata zawadi. Sisi tukauita mamawatoto.

Zawadi niliichukua mimi. Daftari jipya na kalamu ya rangi mbili. Sikuwahi kushinda kitu kabla ya hapo, na nikikwambia ukweli sikushinda kitu kikubwa baada yake, kwa hiyo unaweza kujua nilivyoupenda mmea ule.

Nyanya hakuupenda. Siku nilipouleta nyumbani alilizunguka kopo kama anayemkagua mbuzi wa mnadani.

"Unaliwa?" akauliza.

Nikamwambia hauliwi.

"Unatibu?"

Nikamwambia sijui.

Akasema kuzaa si kazi, kazi kulea, na huyu anazaa tu. Kisha akaniachia niuweke nyuma ya jiko, kwa sharti usimsumbue.

Ulimsumbua. Kabla ya masika mawili miche ilikuwa imejaa katika vitunguu vyake, katika ufa wa jiwe la kusagia, hata katika makuti ya paa la jiko. Ukiugusa mmea tu, miche inamwagika kama ushanga uliokatika uzi. Siku moja nyanya alinipa kapu, akaniambia niing'oe yote nikaitupe mtoni, na nisirudi na hata mmoja.

Niliing'oa. Nikafika hadi ukingoni na kapu limejaa, na mkono ukagoma. Nikageuka nikaenda kwenye ua wa miti uliotenga shamba letu na malka, pale ambapo udongo ulikuwa mtupu na hakuna aliyepalima, nikaipanda yote kwa safu kama mpunga. Nyanya aliponiuliza nikamwambia tayari. Sikusema uongo mwingine zaidi ya huo.

Halafu mvua ikakatika. Msimu wa kwanza tukavumilia, wa pili tukaanza kuula mpunga wa mbegu. Mto ulipungua hadi tukauona mchanga ambao hata nyanya hakuujua. Ng'ombe walioshuka malka walikuwa mbavu na pembe. Mama wa maziwa bado alikuja, ila chombo kilikuwa nusu, kisha robo, na nyanya akampa mahindi yale yale kana kwamba chombo kimejaa. Siku hizo alikuja na ndama. Alikuwa ndama jike, mwekundu, ana doa jeupe pajini mwa uso, mama yake hana maziwa ya kumtosha, kwa hiyo yule mama alimlea kwa mkono, akimnywesha katika bakuli. Ndama alimfuata kama mtoto wa kumzaa. Wanawake wakikaa kwa chai, ndama anangoja nje, kwenye ua wa malka.

Na huko malka yote ilikuwa kijivu isipokuwa safu zangu. Mamawatoto haijali kiangazi. Ina maji yake majanini. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, ilitoa maua, vikengele vyekundu vinavyoning'inia kichwa chini. Asubuhi moja nilikuwa napanda kutoka mtoni na dumu la maji, nikamkuta ndama anakula. Ua moja lilikuwa limemnata mdomoni. Nikaona amependeza. Nikatua dumu, nikakata tawi jingine lenye maua mengi, nikamlisha kwa mkono wangu mwenyewe, huku ndani nikiwasikia nyanya na mama wa maziwa wanacheka jambo lao.

Kesho yake hakukuwa na kikohozi. Mchana tukasikia kwamba ndama hainuki, anatokwa na mate, kichwa anakiburuta, na moyo unampiga mpaka unauona mbavuni. Alfajiri iliyofuata akafa.

Kama unazijua habari za kwetu, unajua mambo haya yanavyokua. Vijana wa upande ule wakasema ndama alikula mara ya mwisho kwenye ua wa wakulima, na wakulima wametia sumu ili ng'ombe wasipite malka. Vijana wa upande wetu wakasema hicho ni kisingizio, wanataka kuingiza ng'ombe katika mahindi machache yaliyobaki. Siku ya tatu niliwaona wanaume waliozoea kutembea na fimbo wanatembea na panga. Wanawake wakawa hawaendi mtoni isipokuwa kwa kundi.

Nilimwambia nyanya kwamba ile miche ya kapu niliipanda kwenye ua, kwamba nilimlisha ndama, na kwamba huenda ndiyo iliyomuua. Alikuwa anapukusua mahindi. Akaacha, akainuka, akaenda hadi kwenye ua wa malka, akazitazama safu zangu kwa muda mrefu. Aliporudi hakunipiga, na afadhali angenipiga. Aliniuliza nimemwambia nani. Nikamwambia sijamwambia mtu. Akasema, "Basi usimwambie mtu." Akakaa akaendelea na mahindi yake.

Nilikwenda kwa mwalimu. Alinisikiliza vizuri, alikuwa mtu mwema, lakini akasema sivyo. Akasema kwao ua hili liko mlangoni tangu yeye hajazaliwa, na halijaua hata kuku. Nilimwambia labda kwenu ng'ombe wana nyasi za kutosha, hawalihitaji. Akatabasamu, akanisifu kwa kufikiri, akanirudisha darasani.

Wazee wa pande mbili walikutana katika darasa letu, na chifu mbele. Walikalia madawati yetu, magoti yamewafika kidevuni. Wanawake wachache walisimama nyuma. Mama wa maziwa pembe hii, nyanya kule karibu na mlango. Mimi nilikuwa dirishani na wenzangu. Maneno yalipanda. Mzee mmoja akagonga dawati, mwingine akasimama, na mimi nikaona kwamba wakitoka humu watakwenda kuchukua panga. Nikaingia.

"Ni mimi," nikasema. "Nilimlisha ndama ua la mwalimu, na ua lina sumu."

Chifu akauliza ua gani. Mwalimu alikuwa pale akiandika maneno ya mkutano. Akaeleza kwa upole kwamba mtoto anasema juu ya ua la urembo, lile lililo kwenye kopo pale dirishani. Wote wakageuka kulitazama. Kopo la mafuta, mmea wa shibiri moja, vimajani vimesimama. Mzee mmoja wa upande wa ng'ombe akaanza kucheka. Kisha mzee wa kwetu. Kisha darasa zima, pande zote mbili, watu ambao wiki nzima hawakuwa wamepeana hata salamu, wanacheka pamoja na kufutana machozi kwamba ng'ombe wa watu ameuawa na pambo la shule.

Chifu hakuuacha ule mwanya. Alisema mnaona, hata watoto wetu wamechanganyikiwa na njaa. Akasema ukame umeua wengi na huyu ni mmoja wao, Mungu hutoa na Mungu hutwaa. Wakapeana mikono. Jioni mapanga yakarudi kwenye makuti. Kwa miaka mingi baadaye watu walikuwa wakinishika kichwa njiani, wakisema huyu ndiye mtoto aliyetuokoa kwa ujinga wake.

Unaliona hilo? Nilisema kweli, nikaitwa mjinga, na amani ikajengwa juu ya ujinga wangu. Ningefanya nini? Kusisitiza nilikuwa sahihi ni kuwarudishia panga mkononi. Nikanyamaza. Kunyamaza huko hakukuwahi kuniingia tumboni vizuri.

Watu wawili hawakucheka siku ile. Mama wa maziwa alikuwa amemkazia nyanya macho kutoka upande wa pili wa darasa. Nyanya alimtazama naye, kitambo, kisha akainamisha uso, akarekebisha kanga yake, akatoka.

Kikohozi hakikusikika tena nje ya ua wetu. Wiki ya kwanza nilidhani anaomboleza. Wiki ya pili nikamuuliza nyanya kwa nini tusiende sisi. Akasema, "Alilipeleka neno kwa wanaume kabla ya kunijia mimi. Akija nitamkaribisha." Akainjika chai ya turungi, isiyo na maziwa. Mvua iliporudi na ng'ombe wakapata maziwa, wanawake wengine wa kule walikuja kijijini, na nyanya aliwanunulia maziwa mara moja tu, wageni ambao hatukuwa tumewaona kwetu kabla, akakaa nao dakika mbili, akasema ana kazi. Turungi ikawa ndiyo chai ya nyumba ile. Nilimuuliza tena na tena, mpaka akaniambia majuto ni mjukuu, na kwamba yeye mjukuu tayari anaye.

Mimi nilikuwa na wazo langu la kitoto. Nikadhani mmea ukitoweka, mama wa maziwa atarudi. Kila nikitoka shule nilikwenda malka kung'oa. Ninang'oa shina, majani yanamwaga watoto. Ninaokota watoto, wengine wanakwama katika nyasi. Nikirudi baada ya siku nne, mahali nilipong'oa kumi pana mia. Nikajaribu kuchoma, majani yana maji, yanafuka tu, yananuka, na yaliyoungua nusu yanachipua upande wa pili. Nikajaribu kuyafukia. Nililia kwa hasira pale malka zaidi ya mara moja, mikono imejaa ute, na ng'ombe wakipita wananitazama. Hakuna aliyekuja kunisaidia kwa kuwa hakuna aliyeamini kwamba kuna la kusaidia.

Halafu mto ukafanya ulivyofanya. Baada ya kiangazi kile kirefu ulifurika kwa siku nyingi, ukachukua ulingo, jiko na nusu ya shamba. Sisi tukahamishiwa mahali pa juu, karibu na barabara. Mimi, nikiwa nimekaa juu ya magodoro na kuku, nilifurahi. Niliamini maji yameosha. Yalipopungua nikaenda kuangalia. Mto ulikuwa umeichukua miche yangu na kuipanda kila ulikofika, kwa uangalifu kuliko mimi. Iko mpaka leo, kando ya mifereji, chini ya miti ya mathenge, kwenye makaburi. Mwalimu alihamishwa mwaka uliofuata. Watu wa mama wa maziwa walihamia kwingine na ng'ombe wao. Nyanya aliishi miaka mingi zaidi, akafa nikiwa tayari ni fundi wa kushona Malindi. Siku zake za mwisho alikataa kila kinywaji. Nikamuuliza anataka nini. Akasema hataki kitu ambacho mimi naweza kumletea.

Sasa, siku ile Garsen baada ya kuchekwa, sikuendelea na safari. Nilikwenda upande wanakouza maziwa, nikaanza kuuliza. Nilijua jina la mumewe na ukoo wao, na watu wa ng'ombe hawapotezani. Mwanamke wa tatu niliyemuuliza alikuwa ni jamaa yao. Akaniambia yu hai, mzee sana, anakaa na bintiye Madogo, ambaye ana hoteli ndogo ya chai wanapopumzika madereva.

Nilifika Madogo kesho yake adhuhuri. Binti alinipeleka nyuma, kwenye kivuli cha mabati, ambako mama yake alikuwa amekaa juu ya mkeka, tasbihi mkononi. Macho yalikuwa yameingia ukungu. Nikamsalimia, nikamwamkua shikamoo, nikamwambia mimi ni mjukuu wa fulani, wa kule mtoni. Akaunyoosha mkono, akaupata uso wangu, akaushika kwa muda.

"Wewe ile mtoto ya maua," akasema.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, kutoka Garsen mpaka pale, na yote yalikimbia. Nikamwambia tu kwamba nilikuwa nasema kweli siku ile, kwamba nilimlisha ndama wake kwa mkono wangu, sikujua, na hakuna aliyenisikiliza.

"Mimi nasikia," akasema. "Vijana napasua tumbo ya ndama. Iko majani ile, iko maua. Mimi naona na macho yangu. Mtoto anasema pale shule, mimi najua mtoto nasema kweli."

Miaka yote hiyo. Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini hakusema siku ile mbele ya wazee. Akasema angesema, vijana wangesema mkulima alilipanda kusudi. Wazee walikuwa wanacheka. Kicheko kilikuwa kizuri kuliko kweli. Na si yeye aliyelipeleka neno kwa wanaume. Vijana walilipeleka wenyewe, naye amelala ndani analia.

Basi kwa nini, nikamuuliza, hukurudi kwetu?

Alizungusha tasbihi kidogo. "Mimi nafiwa," akasema. "Ndama nalea na mkono kama mtoto. Mtu nafiwa, jirani nakuja kusema pole. Nyanya yako najua majani, mimi naona kwa macho yake pale shule. Mimi nangoja. Leo atakuja. Kesho atakuja. Njia ni ile ile, nusu saa."

Kisha akauliza, kwa sauti nyingine, "Yeye iko?"

Nikamwambia alikufa. Nikamwambia ni mwaka wa ngapi sasa. Akasoma dua yake kwa midomo tu. Nikataka kumwambia kwamba nyanya naye alikuwa anangoja, kwamba kila alfajiri alisimama mlangoni kidogo kabla ya kuwasha moto, kwamba alinikataza kusema kwa sababu aliniogopea mimi, na baadaye aibu ikageuka ubishi. Nilimwambia. Sijui alisikia kiasi gani. Lori lilikuwa linaunguruma mbele ya hoteli. Mwisho nikapiga magoti kwenye mkeka wake, nikasema pole, mama. Pole kwa ndama.

Akanipapasa bega. "Ahsante, mwanangu. Yako napokea," akasema. "Lakini ile nangoja si yako."

Binti yake akatuletea chai. Ilikuwa ya maziwa ya pakiti, nzuri, ya moto, haina harufu ya moshi hata kidogo. Tuliinywa, na mimi nilikuwa na hasira. Sikujua nimkasirikie nani. Nilitumia utoto wangu nikipigana na mmea kana kwamba ndio uliokata njia, na mmea ulifanya ulichoumbiwa tu. Wanawake wawili walioweza kunywa chai pamoja bila neno walikosa neno moja walipolihitaji, nao walikaa nusu saa mmoja kutoka kwa mwenzake, kila mmoja ameacha mlango wazi na hakuna aliyetoka.

Ukienda kwetu leo, ila mmea ule, hutaona chochote katika niliyokusimulia. Mto umehama mkondo wake. Palipokuwa na shamba la nyanya pana mchanga na vichaka. Malka imezungushiwa seng'enge na mtu ambaye sijawahi kumwona, na ng'ombe wanazunguka mbali kutafuta maji. Hakuna anayetembea alfajiri na chombo cha moshi kwenda kwa mtu wa kabila jingine, akaketi jikoni kwake, wakazungumza magoti. Watoto wa pande zile mbili wanaongea Kiswahili safi kuliko nyanya zao, na hawana cha kuambiana.